Mita kwa Dakika

Jumatano, 5 Machi

Vidude vimefika! Kumi na sita. Kila mchezaji anavaa kimoja mgongoni, ndani ya fulana ya kubana, na kompyuta inaniambia kakimbia mita ngapi, kwa kasi gani. Tangu goti liniharibikie nimekuwa mbeba chupa za maji wa timu hii ya mpira wa magongo. Sasa nina kazi ya maana! Kocha kasema vipimo vya mechi ya Jumamosi vitaamua nafasi ya mwisho ya kusafiri na timu: Mama Pacha, mkongwe wetu aliyejifungua mapacha, au mdogo wangu. Mdogo wangu karukaruka sebuleni mpaka mama akamfokea.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeshinda mbili kwa moja! Sauti imenikauka. Mdogo wangu: mita elfu sita na mia sita. Mama Pacha: elfu nne na mia nane tu. Kocha akaguna — uzazi, umri, mwili umegoma. Mama Pacha kasikia. Akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa. Nimemhurumia. Lakini nyumbani ni vigelegele.

Jumapili, 9 Machi

Ngoja. Mchoro wa kasi ya Mama Pacha kwenye kompyuta unapanda, unalala, unapanda, unalala. Benchi! Kwenye magongo mtu hutoka na kurudi mara kibao, nami nimemhesabia dakika zote sitini, mpaka alizokaa akinywa maji. Zembe mimi! Uwanjani kacheza thelathini na sita. Gawanya — mita 133 kwa dakika! Mdogo wangu, aliyecheza zote, 110. Mbio kali: Mama Pacha mara thelathini na moja, mdogo wangu tisa. Nimepiga kelele peke yangu. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile. Mwanamke huyu hakamatiki!

Halafu nikakumbuka nafasi ni moja.

Jumatatu, 10 Machi

Kocha anataka ripoti ya mwisho saa kumi. Kocha hajui kugawanya — angepokea chochote. Mdogo wangu kashapanga begi. Kaniletea chai bila kuombwa, mara ya kwanza maishani! Kaniuliza, dada, hili jedwali jipya ni la nini? Nikamweleza yote, mpaka benchi. Kisha akasema si ulishampa kocha lile la kwanza, basi yaishe.

Namaliza ripoti, na jedwali jipya limo. Saa kumi kasoro tano. Kocha anapiga. Simu yangu kaichukua mdogo wangu. Inaita, inaita — hapokei, hanipi.