Mlango wa Salfeti

Mulongwe, 3 Machi 2024

Frédéric mwanangu,

Salamu nyingi. Mkeo Olga na mimba yake ya tatu wanaendeleaje huko Kalemie? Minye niko tu, ila silali. Nasikia wajukuu wangu wawili wanalia, nao walikata roho kabla ya kulia, mikono mifupi, kifua kidogo. Niliwaogesha kabla ya kuzikwa. Sasa mtaani wanasema minye ndiye niliyewala kwa uchawi, na ndugu za Olga hawataki nimguse huyu wa tatu. Weye unasema nini?

Mama yako, Pudentienne

Kalemie, 20 Mei 2024

Mama mpendwa,

Jambo sana. Magoti bado yanasumbua? Nimekawia kwa sababu nilingoja majibu ya damu yetu. Si uchawi, mama. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli imezungukwa na utando. Salfeti ni chumvi ambayo mwili unaipata katika chakula. Haiwezi kupita utando yenyewe. Iko protini inayoipokea nje na kuiingiza ndani. Ndiyo mlango wake. Kwa wale watoto mlango uliharibika. Salfeti ikabaki nje, gegedu, ule mfupa laini, halikujengeka vizuri, mifupa haikurefuka, mapafu yakakosa nafasi. Kila muntu anarithi milango miwili, mmoja kwa mama na mmoja kwa baba; minye na Olga, kila mmoja amebeba mmoja mzima na mmoja mbovu. Mtoto akirithi mbovu kwetu wote wawili, haishi. Mbovu wangu nimeurithi kwako ama kwa baba. Hujamla muntu.

Mwanao, Frédéric

Mulongwe, 2 Juni 2024

Mwanangu,

Asante, magoti yanavumilika. Barua yako imeniumiza. Baba yako iko kaburini, hawezi kupimwa, basi nimebaki minye. Waliposema vifo vile vimetoka kwangu nilikataa, tena nikaapa kanisani. Sasa weye mwenyewe unaniandikia kwamba labda vimetoka kwangu.

Mama yako

Kalemie, 15 Septemba 2024

Mama,

Uko muzima? Amezaliwa. Ni msichana, mikono mirefu, na alilia mpaka Olga akacheka. Tumempa jina lako. Ndugu za Olga nimewaeleza, na wao wenyewe wanakuita. Panda mashua bandarini Kalundu, uje umwogeshe.

Mwanao

Kalundu, 28 Septemba 2024

Baba wa mjukuu wangu,

Namshukuru Mungu. Olga anywe uji wa moto. Leo nilifika bandarini na kitenge cha mtoto. Mashua ikapakia, minye nikaitazama mikono yangu iliyowaogesha wale wawili, na mashua ikaondoka bila minye. Kitenge nimempa baharia awaletee. Usikasirike. Jirani yangu Libérat iko na telefone; mtoto akilia, murekodi umtumie. Siku hizi usiku wanalia watatu, nami nataka kujua mzima ni yupi.

Nyanya yake, Pudentienne