Chakacha Wakati wa Sadaka

Jumapili, Ukunda

Tangu nilipokwama katikati ya wimbo kwenye harusi ya binamu yangu, sikugusa tena kinanda cha kanisa. Leo mpigaji wetu ameugua, Padri akaniita mimi.

Wakati wa sadaka, kidole kiliteleza kikabonyeza kitufe cha midundo. Chakacha ikajaa kanisani! Nilitaka kukimbia hadi Shimoni, lakini kina mama walikuwa wameshaanza kuzungusha viuno, Mungu awasamehe. Nikaendelea kupiga, na hofu ikanitoka.

Baada ya misa nikamwendea Padri, nikingoja kukemewa.

“Shikamoo, Padri.”

“Marahaba. Jumapili ijayo upige tena. Ila Kwaresima ikifika, tafadhali utuhurumie.”

Nimekubali kupiga. Kuhusu Kwaresima sikuahidi kitu.