Uteo wa Ndengu Huko Kitui

Dada Mwende,

Pokea salamu kutoka Kitui, kwenye jua kali.

Leo nilitembelea chuo cha walimu kuandikia gazeti letu. Mshauri wa wanafunzi, mjane wa mchungaji, huzungumza nao wakichambua ndengu, ili wasilazimike kumtazama usoni. Msichana aliyefiwa na mamake alitaka kuacha masomo. Wenzake wa kanisani walisema analia kwa kukosa imani.

"Lia kwanza," yule mama mshauri akamwambia. "Tutaomba ukimaliza."

Alilia, wakaomba, akasema atabaki hadi mitihani.

Kisha mama akanisukumia uteo. "Na wewe wa gazeti, unaongea na nani?"

"Dada yangu. Lakini yuko mbali."

"Si umwandikie!"

Nimeandika. Chumba changu cha wageni kina vitanda vitatu, niko peke yangu. Wasalimie watoto, na unijibu.

Kakako, Musyoka