Jiwe la Migombani

Nkunga, Rungwe

Dada yangu Tupokigwe,

Shikamoo dada. Joto la Kyela linakuoneaje, na miguu imeacha kuvimba? Sisi huku mvua haikatiki, chai tunachuma tumelowa, ila watoto wazima. Joel ameota meno mawili. Mchele wako tumeupata, ndaga, asante sana. Mimi ni mzima wa kusema tu. Nimechoka, uchovu usioisha kwa kulala. Nimempa jirani yetu Neema, anayekuja huko, barua hii kwa sababu simu anakaa nayo baba Joel.

Mama mkwe alikupigia kwamba mimba yangu imetoka. Tangu siku hiyo amenikataza jembe, ananipikia uji, ananichemshia maji ya kuoga. Akina mama wa kanisani walileta ndizi na maziwa, wakaniombea. Mmoja akanitania nile ninenepe, mwakani nilete mapacha. Wakacheka, nami nikacheka.

Unakumbuka nilivyopasuliwa kumzaa Joel, damu ikatoka mpaka ukadhani umenikosa. Daktari alisema nipumzike miaka miwili, na Joel hata mwaka hana. Baba Joel aliporudi kutoka Chunya nilimweleza, akasema tutajihadhari. Hatukujihadhari. Kesho yake nikaaga naenda sokoni Tukuyu, nikaingia duka la dawa, nikanunua kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nikakimeza palepale.

Basi siku zangu zikapita. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza. Mama mkwe akaona vitambaa vyangu haviji kambani, akamwambia mwanawe, mwanawe akafurahi, mimi nikashindwa kusema. Nikaenda zahanati kimyakimya. Nesi Hellen akanipima mkojo, akasema hakuna mimba. Akanieleza kwamba dawa ile huweza kuwahisha siku za mtu au kuzichelewesha, na damu ikaja nyingi au kidogo, halafu kwa kawaida mambo hurudi yalivyokuwa. Siku ya tatu yake nikaziona, nzito kuliko nilivyozoea. Mama mkwe akanikuta nafua, akaketi chini akalia.

Dada, hapo ndipo nilipokosea. Haikutoka mimba yoyote. Haikuwepo. Nilijua, nikanyamaza. Yeye akachukua vile vitambaa mikononi mwangu, akachimba migombani, akavifukia, akasema, "Lala salama, mjukuu wangu." Ameweka jiwe. Kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe anasimama pale kwanza.

Na baba Joel ananifariji kwamba Mungu atatupa mwingine upesi. Hapo ndipo naogopa, maana mwili wangu haujawa tayari. Nesi amesema twende wote wawili tuchague njia ya kupanga uzazi, nisitegemee kidonge kile kila mara. Nitampelekaje bila kusema nilichofanya?

Nimeamua kusema Jumamosi, kwa baba Joel na mama yake. Njoo Ijumaa, dada. Usinitetee, kaa karibu yangu tu. Barua hii isome peke yako.

Msalimie shemeji Ezron, na watoto wote uwakumbatie kwa ajili yangu. Joel anakusalimu, ndiye aliyelowesha pembe hii ya karatasi. Naishia hapa, mama mkwe ananiita nikanywe uji ungali moto. Anautia maziwa mengi siku hizi, na mimi siwezi kuumeza.

Mdogo wako,
Tusekile, mama Joel