Ishara ya Kulala

12 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba nikukute mzima, na goti lako lisiwe na vituko. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaniuma mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Juzi nimeumbuka. Nilimwita mwoka mikate wa mtaani kwa mkono, kiganja kikitazama chini, kama tunavyoitana sote nyumbani. Mzee wa watu akarudi nyuma, akaniomba radhi, akaondoka na mikate yake. Kumbe huku ishara ile ni ya kumfukuza mtu! Ikabidi nimkimbilie. Profesa wangu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ndiyo sababu tunafanya utafiti huu wa jinsi watu wa kila jamii wanavyosema kwa mikono: mkono ni uleule, maana inabadilika ukivuka mpaka.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Kila Jumamosi naenda kwenye chama cha viziwi. Mama, wanasengenyana, wanataniana, wanabishana siasa, na sauti hakuna. Ni lugha kamili, yenye kanuni zake, na kila nchi viziwi wana yao. Nilimkumbuka mdogo wangu. Ana miaka thelathini, na ishara alizonazo ni zile tu tulizobuni sisi nyumbani. Hajawahi kukutana na kiziwi mwenzake hata mmoja.

Nimeulizia. Mjini kwenu yupo msusi kiziwi anayekutanisha wenzake kila Jumamosi saluni kwake, nyuma ya posta. Tafadhali mpeleke.

Mwanao wa kwanza


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linanikumbusha tu kwamba ni langu. Mdogo wako mzima pia. Hapa karakanani ninapoandika anafunga springi za kochi la daktari, nami nina kitambaa cha kushona kinachoteleza kama samaki.

Nilimpeleka. Nilivaa gauni la heshima utadhani naenda kuposa. Msusi ni mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Mumewe anasikia, ndiye aliyenitafsiria. Ndani walijaa watu, mikono inaruka kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Mdogo wako aliganda mlangoni. Walimsemesha, hakushika kitu. Akawaonyesha ishara yetu ya kazi, ile ya nyundo, na mmoja akaangua kicheko. Kumbe kwao ina maana nyingine kabisa, ambayo mume wa msusi alikataa kunitafsiria.

Akanishika mkono tukaondoka. Nyumbani alikaa amekalia viganja vyake mpaka chakula kikapoa. Mwanangu, nilimwona mpweke kuliko kabla hatujaenda. Sitaki kumtesa.

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa siku ile. Nimeisoma barua yako nikiona viganja vyake pale chini ya mapaja.

Usikate tamaa. Amekutana na watu wake akiwa mgeni kwao, na hilo linauma. Akitaka kurudi, mwache arudi. Asipotaka, basi.

Nina ombi. Profesa anatamani kuona filamu ya ishara zetu za nyumbani. Anasema si rahisi kukutana na lugha iliyozaliwa sebuleni. Nikamwambia nyingi alizianzisha Baba. Unakumbuka alivyokuwa akitoka safari na lori? Kabla hajavua viatu, anamchukua mtoto na kumsimulia njia nzima kwa mikono: milima, matope, pancha, askari mwenye kitambi. Mimi nilikuwa naona wivu! Leo naishukuru kila dakika niliyokaa pembeni kuwatazama. Bila wale wawili nisingekuwa na kazi hii. Muulize mdogo wangu kama anakubali kupigwa picha.

Mwanao


20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, na nina habari.

Jumamosi moja mdogo wako aliacha kochi likiwa nusu uchi, akanawa, akatoka. Mimi huyo, nyuma yake. Nilichungulia dirishani kwa msusi kama mwizi wa kuku. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, msusi anamshikisha kitana, taulo, sabuni, na kumwonyesha ishara ya kila kimoja. Tangu hapo hakosi. Sasa hanyamazi! Ananifundisha na mimi, na nikikosea ananichapa kofi la mkono. Naambiwa lafudhi yangu mbaya, vidole vyangu vinagugumiza.

Kuhusu filamu amekubali, isipokuwa ishara moja: ya baba yako. Nilipozungusha usukani hewani, aliishusha mikono yangu kwa nguvu, akanipa kisogo. Na ujue picha ya baba yako aliitoa ukutani tangu akiwa kijana. Nilidhani anaogopa picha za marehemu. Sasa sijui nidhani nini.

Mama yako


11 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Habari ya usukani hainitoki kichwani. Baba alipofariki mimi nilikuwa bwenini, nikaletewa habari na mwalimu. Mdogo wangu nani alimweleza? Kwa ishara gani?

Mwanao


30 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nikipiga simu unasema "tutaongea" na kukata. Kama nimekuudhi kwa swali lile, niambie nikuombe radhi. Kama kuna mgonjwa, niambie pia. Kimya hiki kinanila.

Mwanao


15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Tulia, hakuna mgonjwa, na hukuniudhi. Nilikosa pa kuanzia tu.

Mimi ndiye niliyemweleza. Alikuwa na miaka saba. Unajua baba yako alipata ajali kule mbali akazikwa hukohuko; mtoto hakuona jeneza wala kaburi. Nilimzungushia usukani, nikaonyesha mbali, nikalaza shavu kiganjani, nikafumba macho. Sisi tunaosikia si tunasema marehemu amelala? Nikaona nimesema vizuri, tena kwa upole.

Swali lako lilipofika nilimwita msusi na mumewe karakanani. Msusi akamuuliza mdogo wako: baba yako yuko wapi? Akajibu bila kusita. Mumewe akanitafsiria kwa sauti ya chini:

"Alienda na lori. Ana nyumba nyingine, analala huko. Alituchoka."

Nikakaa juu ya rundo la sponji. Miaka yote hiyo! Aliyekuwa akizungumza naye kuliko sisi sote, ndiye aliyeamini kwamba amemtupa.

Nikamwambia mume wa msusi, "Mkeo amwambie."

Msusi akatikisa kichwa, akanijibu kupitia kwa mumewe. "Mwambie wewe, mama. Ukikwama nitakushika mkono."

Ishara ya kufa waliyonifundisha ni fupi, haina usingizi ndani yake. Niliifanya. Akanitazama vidole, akaniomba nirudie.

"Lini?"

"Siku ile nilipokwambia amelala."

"Hakutuacha?"

"Alikuwa njiani kurudi nyumbani."

Alitoka. Siku mbili alilala kwa msusi, na mama wa watu akanitumia salamu kila asubuhi kwamba anakula. Aliporudi aliomba jambo moja tu, nimpeleke kaburini. Ndiko tulikokuwa, mwanangu. Safari ndefu, goti likavimba, lakini tulifika.

Pale alipiga magoti akazungumza na baba yake kwa zile ishara za zamani. Mimi nilikaa pembeni. Nyingine sikuzielewa, zilikuwa za wao wawili. Usukani nao aliuzungusha. Aliponijia uso ulikuwa umelowa, ila alitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Mama yako


4 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye basi, nikapitiliza kituo, nikashuka mahali nisipopajua na kulia kwenye benchi la watu. Bibi mmoja alikuja akakaa karibu yangu, akanishika bega bila kusema lolote. Hiyo sikuhitaji mkalimani.

Ahsante kwa kumwambia kwa mikono yako mwenyewe. Mpelekee msusi na mumewe shukrani zangu zote. Kama wanahitaji kochi, lisitoke karakanani kwetu kwa bei. Profesa nimemwambia ishara ya Baba haimo katika utafiti. Ameinamisha kichwa tu, hakubisha.

Goti likandwe, usijifanye msichana.

Mwanao


18 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akulinde. Goti limekandwa. Kochi la msusi limekamilika, jekundu kama alivyotaka, na limeingia saluni kwa shida kwa sababu mlango ni mwembamba na mwenye kochi hakukubali liwekwe uani.

Nikueleze la jana. Tulikuwa tunafagia vipande vya kitambaa ili tufunge. Mdogo wako akanigonga begani.

"Mama, baba alipokufa, wewe ulilia na nani?"

Mwanangu, hilo sijawahi kuulizwa na mtu, hata wewe mwenye masikio mawili. Mtoto huyu nimemlisha, nimemvisha, nimemfundisha kazi. Najua kumwambia njoo, nenda, kula, shika hapa. Lakini kukaa naye aniulize habari za moyo wangu, hilo sikuwahi kulitarajia.

Nikavuta kochi la mteja, ambalo mimi mwenyewe nimekataza mtu kulikalia, tukakaa. Nikamjibu ukweli: nililia peke yangu, huku nakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake zinifiche, mtoto asisikie.

Akanitazama kwa makini, kisha mikono yake ikasema:

"Mama, mtoto mwenyewe ni mimi. Ungelia tu kwa sauti."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Halafu nikamweleza yote, tangu siku niliyoletewa habari. Nilipokosa neno alingoja, nilipokosea hakunichapa. Leo viganja vinauma kama nimefua mashuka ya hospitali nzima, na kalamu naishika kwa taabu.

Ahsante, mwanangu. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kuzungumza naye, naye yuko mbali. Sasa ninao wawili.

Mama yenu