Njoo Kabla ya Mvua

Kwako Dada,

Kwanza pokea shikamoo yangu, ile niliyokuwa nakunyima makusudi tulipokuwa tunagombania kiti cha dirishani. Nimekulimbikizia ya miaka minne, kwa hiyo ipokee kwa mikono miwili. Natumaini mwili wako ni mzima, kazi inakwenda, na kile kikohozi chako cha asubuhi kilichokuwa kinaamsha hadi majirani kimeshika adabu. Ukitaka habari zangu, nipo, nimerefuka, nimeota ndevu saba nilizozihesabu mwenyewe kwenye kioo, na wasichana wa mtaa huu wanapata shida. Sijisifu. Nasema tu kwa sababu hakuna mwingine wa kunisemea.

Simu yako haipatikani. Kila nikipiga, yule mama wa kwenye mtandao ananiambia nijaribu tena baadaye, na tumeshazoeana kiasi kwamba siku hizi namsalimia. Anwani hii nimeipata kwa rafiki yako wa kiwandani baada ya kumbembeleza wiki nzima. Usimgombeze. Mimi nikiamua kubembeleza, hata jiwe linasogea.

Ukikuta makosa humu, jilaumu mwenyewe, maana ni wewe uliyenifundisha herufi kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Shule niliachia kidato cha pili, mimi na hesabu tulishindwana tabia. Lakini mwandiko wangu hauna mpinzani. Ndiyo kazi yangu sasa, kuandika mabango. Kuna saluni niliiandikia "tunasuka nywele na vichwa", na mwenyewe anasema wateja wameongezeka. Wanakuja kucheka, wanabaki kusukwa.

Sasa Dada, kaa chini. Na usiruke mistari, nakujua.

Mama aliugua. Alianza kwa kusema ni gesi, kisha akasema ni uchovu, kisha siku moja nikamkuta ameinama kwenye karo la jikoni, sufuria mkononi, maji yanamwagika na yeye hayaoni. Hospitalini daktari, mama mmoja mfupi anayevaa miwani kichwani badala ya machoni, alinichorea kwenye karatasi. Ni uvimbe kama ngumi, umekaa karibu na utumbo. Alisema ukikatwa mapema Mama atapona, ukiachwa utapasuka wenyewe, na ukipasuka nisimwulize yeye tena. Kiasi kilichotakiwa sikiandiki hapa, kalamu itaogopa. Ndugu nao walichanga, ila walichochanga zaidi ni pole.

Tulichokuwa nacho ni nyumba tu. Nilimuuliza Mama kama tuiuze. Alichonijibu nimekiweka chini kabisa ya barua hii, nitafika huko. Kwa sasa jua tu kwamba nilitoka pale nikaenda kwa dalali.

Huyu dalali mtaani anaitwa Hewa Ipo, kwa sababu akikuingiza nyumba yoyote, hata kama ni stoo, neno la kwanza ni kwamba hewa ipo. Anavaa koti la suti na ndala. Ana simu mbili, moja nzima na moja maiti, na ile maiti ndiyo anayoongelea mbele ya wateja, akiiambia kwamba nyumba hiyo samahani bosi, wameshaitaka watu watatu. Alizunguka kwetu akinusanusa. Ufa wa sebuleni akauita pambo. Chumba changu, kile ambacho inabidi nivue shati nikiwa nje, akakiita ofisi ya nyumbani. Ndoo zetu za kukingia mvua akaamuru zifichwe uvunguni na tuombe jua. Mimi akaniambia nisalimie wageni halafu nifunge domo, maana domo langu lingemkosesha riziki. Nilimwambia domo langu ni la ukoo, halifungwi na mtu wa ndala. Akacheka. Tulielewana siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa ukuta wa mbele. Maandishi yake hukuyaona, wewe ulikuwa umeshaondoka. Baba alipofariki, matapeli wakaanza kuleta wateja kwenye nyumba yetu kama vile sisi ni wapangaji wa kwao, na Mama akaniambia niandike ukutani kwamba nyumba hii haiuzwi. Nikaandika, herufi kubwa kama mbuzi, rangi nyekundu ya mafuta, nikaipaka mara mbili juu ya rangi ya msingi. Mama hajui kusoma, lakini alisimama barabarani akaniambia nimsomee, kisha akasema herufi zimesimama vizuri kama askari. Sikulala kwa furaha.

Hewa Ipo alileta chokaa tukapaka juu. Ukuta ukawa mweupe, ukapendeza. Akaja mwalimu mmoja aliyegonga kila ukuta kwa kidole kama anapima kifua cha mgonjwa, akasema anakwenda kushauriana na mkewe. Dalali akaniambia nimfute huyo, mtu anayekwenda kushauriana na mkewe huwa hata mke hana. Wakaja maharusi wawili. Yule bibi harusi alishaanza kupanga makochi kwa mkono hewani, huku lile refu, kule televisheni. Wakaahidi kurudi kesho yake na malipo ya kwanza. Alfajiri mvua ikanyesha. Walipofika, chokaa imeteremka yote imelala chini kama uji, na maneno yangu yamesimama pale mekundu, yanawatazama usoni. Nyumba hii haiuzwi. Bwana harusi akasema hataki nyumba yenye ugomvi ndani yake, na hatukuwaona tena.

Hewa Ipo aliuliza ni mjinga gani aliyetumia rangi ya mafuta. Nikamwambia ni mimi, na kwamba rangi yangu hata miaka kumi haitoki. Nilijisifu, Dada. Hata siku ile. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

Wiki ile ile daktari alinivuta pembeni akaniambia nisihesabu tena kwa wiki, nihesabu kwa siku. Mama alikuwa amebaki macho na pua. Nilichukua brashi ya waya nikasugua ukuta mpaka vidole vikatoka damu, na rangi ilikuwa nyekundu na damu ilikuwa nyekundu, sikujua kipi natoa na kipi naongeza. Nikipita mtaani naona watu wanaishi tu. Wanabishana bei ya nyanya. Nilitamani kumkamata mtu yeyote nimwambie nunua nyumba, nunua hata kwa kunionea.

Wa tatu alikuwa fundi wa vyerehani, mtu mzima, mguu mmoja unachechemea, maneno anayahesabu kama vifungo. Hakugonga ukuta wala hakunusa kitu. Aliangalia paa, akavuta ndoo zetu uvunguni kwa mguu wake mbovu, akazirudisha. Akafungua chumba chako. Kitanda kimetandikwa, mto umenyooshwa. Dalali akawahi kusema ni chumba cha wageni na hewa ipo. Fundi akaniuliza mimi, si dalali, nani analala humo. Nikasema hakuna, miaka minne sasa. Akaufunga mlango taratibu, kama kuna mtu amelala. Alipohesabu funguo akakuta mmoja wa mlango wa nyuma haupo. Nikamwambia uko kwa dada yangu.

Kisha akanionyesha ukutani, kwenye alama za herufi zilizobaki, akataka kujua aliyeandika. Hewa Ipo alinikanyaga mguu, lakini domo lilishatoka. Nilimweleza tumbo la Mama, daktari, mvua, maharusi, yote. Yote isipokuwa moja. Fundi akafikiri, akasema atanunua, na fedha itafika hospitalini kesho yake. Ila yeye ni mtu wa karatasi. Alitaka dole gumba la mwenye nyumba, mbele ya karani wa wakili.

Dada, hapa ndipo kalamu ilipolala siku mbili.

Mama hajui kwamba nyumba imeuzwa.

Siku ile wodini karani alikuja na faili, akasimama dirishani anabishana na simu yake. Hewa Ipo alishika kidau cha wino. Mama alikuwa na maumivu lakini akili yake ilikuwa nzima, usije ukajidanganya kama nilivyojaribu mimi. Aliuliza ni karatasi gani. Nikasema ni ya ruhusa ya upasuaji. Akasema nimsomee, maana mimi ndiye macho yake.

Nikasoma. Palipoandikwa muuzaji, nikasoma mgonjwa. Palipoandikwa mnunuzi, nikasoma daktari. Walipoandika kwamba anaikabidhi nyumba yake kwa hiari bila kushurutishwa na mtu, nikasoma kwamba anaukabidhi mwili wake kwa hiari bila kushurutishwa na mtu. Sikukwama popote. Maisha yangu yote darasani nilikuwa nakwama mstari wa pili, siku ile nilitiririka. Mama akabonyeza dole. Akaniangalia akasema, mwanangu, unasoma kama redio.

Karani aligeuka akauliza kama mama amesomewa. Nikajibu amesomewa. Hewa Ipo alisikia kila kitu, akafunga kidau chake cha wino. Tuliposhuka ngazi hakushika hata ile simu maiti. Getini akaniambia kwamba yeye ameshadanganya sana kuhusu nyumba, bafu dogo ameliita kubwa, jirani mlevi amemwita mtulivu, lakini wa leo ni wangu, asije akahesabiwa yeye. Akaondoka na ndala zake.

Mama alipasuliwa, akapona. Nalisema hilo kwanza kabla hujanilaani. Uvimbe nimeuona kwenye sahani.

Sasa lile jibu lake. Nilipomwuliza mara ya kwanza tuiuze nyumba, alisema nyumba ile si yake ya kuuza, ina mwenyewe aliyeondoka kwa hasira. Akasema mtu aliyeondoka kwa hasira akirudi hurudi kwa njia ya zamani, na akikuta wageni mlangoni hatauliza mama yangu yuko wapi, atageuza. Akasema maneno aliyokutamkia pale kizingitini, kwamba ukivuka usirudi, anayatafuna kila siku na hayamezeki. Bora afe nyumba ikiwa imesimama. Mimi miaka yote nilidhani yale maandishi yaliwalenga matapeli. Kumbe alikuwa ananituma nikuandikie wewe, na wewe huku hukupita.

Nami nilichagua awe hai. Usiponielewa wewe, hakuna mwingine wa kunielewa.

Siku tatu kabla hajaruhusiwa, nilikwenda kwa fundi nikapiga magoti kati ya vyerehani vyake. Nilimwambia lile moja nililoficha. Akazungusha gurudumu la cherehani tupu. Nilijua ataita polisi. Mwishowe akasema Mama akae mpaka mwisho wa mwezi, na mlango wa nyuma hatabadilisha kitasa, na mimi nitamwambia mama yangu ukweli kwa mdomo wangu huo huo. Nikamwomba niandike tena ukutani ili Mama akishuka kwenye gari asishtuke. Akafungua mtoto wa meza, akanipa chaki nyekundu ya kuchorea vitambaa, boksi zima. Akasema niandike kwa hiyo. Mvua ikija, itafuta yenyewe.

Nikaandika. Mama akashuka, akaona askari wake wamesimama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu karo la jikoni. Leo ni siku ya tisa. Kila asubuhi nafungua kinywa nimwambie, na kinywa hiki, Dada, kinachojibu mapolisi na kubembeleza mawe, kinatoa habari za bei ya mkaa.

Jana jioni alitoka na fimbo yake mpaka ukutani. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akasema nisome tena. Nikasoma. Akapitisha kiganja juu ya herufi, taratibu, kama anavyopapasa kichwa cha mtoto mwenye homa. Kiganja kikatoka chekundu. Akakitazama. Akajipangusa kwenye nguo yake, akasema rangi yangu siku hizi haikauki. Kisha akaniuliza kama nimepata anwani yako.

Sijui anajua nini. Sina ujasiri wa kuuliza. Najua kwamba asubuhi hii amebadilisha shuka la kitanda chako, na kwamba nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii naona mawingu yamejazana juu ya paa, meusi, mazito, na ndoo nimeshazitoa uvunguni.

Njoo, Dada. Sikuombi useme kwa niaba yangu, nitasema mwenyewe, nimeapa kwa fundi. Nataka tu nikisema, awe amekushika mkono. Njoo na ule ufunguo wa mlango wa nyuma, bado unafungua. Njoo kabla ya mvua.

Wasalimie wote unaokula nao na unaogombana nao huko. Mama hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake zimo humu, ndizo zilizoufanya mwandiko utetemeke. Hewa Ipo pia anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema una chumba kizuri.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye domo.