Saini Yangu Chini ya Kila Ukurasa

Nyumba ya kona,
Mkabala na kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimeachia, na baridi ya huko haijakuzeesha kabla ya wakati. Chakula unapata? Usingizi je? Na wifi tumempata, au bado unatuchagulia? Sisi huku tunapumua. Mama anakwenda dukani mwenyewe na kurudi akilalamikia bei, kwa hiyo ujue hajambo. Shemeji yako yuko na mabomba yake. Wiki hii anazibua mifereji ya hoteli, na akiingia ndani hatuhitaji kuuliza ametoka wapi.

Kwa hao wengine ni salama. Ninachokuandikia ni habari ya mpwa wako, na nakuomba ukae kitako kwanza, maana naogopa, Kaka. Sijapata kuogopa hivi tangu tulipomzika Baba.

Chiriku sasa ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na mdomo wake haujachukua likizo tangu ulipompa jina hilo. Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza, wazazi tulipewa karatasi nne zilizobanwa pini: matarajio ya darasa na taratibu za kufuata. Geti linafungwa saa moja na nusu, na mtoto anayechelewa anaingia na mzazi wake. Jina lishonwe kwenye sweta. Asipofika shule, kesho yake aje na barua. Mwalimu hapigiwi simu wakati wa vipindi. Kila jioni mtoto asome kwa sauti dakika ishirini mbele ya mzazi, na mzazi atie saini kwenye daftari la mawasiliano, kuthibitisha kwamba ameiona kazi na amesoma alichoandika mwalimu. Nilicheka, nikamwambia shemeji yako kuwa safari hii tumeandikishwa sisi, mtoto anatusindikiza tu.

Sasa sikia ujinga wangu. Unajua ninavyoshona. Nikipata oda ya sare ishirini, nakata kola zote, nashona kola zote, ndipo niende kwenye mikono, halafu matundu ya vifungo yote kwa mkao mmoja. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Basi siku moja nikalifungua lile daftari, nikaona mahali pa saini pamepangwa ukurasa hadi ukurasa, nikaketi na kalamu nikasaini muhula mzima. Kurasa zote, Kaka. Nilijiona mjanja kuliko wazazi wote wa darasa lile.

Kuanzia siku hiyo daftari likawa linakwenda na kurudi kwenye begi bila mimi kulifungua. Kusoma kwa sauti hatukuacha. Chiriku alikuwa akikaa nyuma yangu kwenye mkeka, mimi niko kwenye cherehani, anasoma kama maji yanavyotiririka. Nilikuwa nasikia, sikuwa natazama.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikaletewa bahasha ya wito. Nikajua ni habari ya kuchelewa, maana mara mbili tatu tulilikuta geti limeshafungwa. Nikaenda na visingizio vyangu nimevipanga vizuri. Mwalimu wa darasa alikuwa ameketi pembeni ya mwalimu mkuu. Ni binti mdogo tu, mpole, vidole vyake vyeupe kwa chaki. Hakunisemesha habari ya geti. Alilifungua lile daftari akaligeuzia kwangu.

"Mama, hii saini ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Basi naomba unisaidie kuelewa. Nimekuandikia mara nne. Ulisoma ukaamua kunyamaza?"

Nikasoma palepale mbele yao. Mara ya kwanza aliandika kwamba mtoto ananakili vibaya kutoka ubaoni. Mara ya pili, kwamba amemhamishia dawati la mbele lakini hali ni ileile. Mara ya tatu, kwamba anajigonga kwenye milango na ndoo, na kitabu cha kusoma amekikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Mara ya nne alipigia mstari: tafadhali mpeleke akapimwe macho, usichelewe. Na chini ya kila neno lake, saini yangu, nzuri, imenyooka, ina hadi kile kimkia ninachoringia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaeleza ukweli wote, wa kola na matundu ya vifungo. Mwalimu mkuu akainamisha kichwa, sijui alikuwa anaficha kicheko au hasira. Yule binti akaniambia tu, "Basi mama, tusipoteze siku nyingine." Wiki tano zilikuwa zimepita tangu ile ya kwanza.

Nyumbani mambo yote yalikuwa mbele yangu, Kaka. Mtoto anaweka kitabu puani, nasema anapenda kusoma. Anageuza shingo kutazama kitu kilicho kando yake, nasema madaha. Kabla ya wito ule alikanyaga sinia la chai la bibi yake, nikamfinya sikio na kumwambia aone anapokwenda. Akanijibu, "Mama, nilikuwa naona." Sikio lile nalikumbuka kila nikimfunga utepe wa nywele.

Alhamisi tukaenda hospitali ya macho. Walimtia dawa, wakamkalisha gizani, wakampima kwa mashine inayogusa jicho, naye akawa anamuuliza daktari mashine ile inakula nini. Daktari alimjibu vizuri. Aliponigeukia mimi sura ikawa nyingine. Akasema ni presha ya macho: maji ya ndani ya jicho yanasukuma, na mshipa wa kuonea unabanwa kidogo kidogo mpaka unakufa. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, ikiwa hatutachelewa tena. Kwa sasa tunampa matone asubuhi na jioni, saa ileile, na huyo anayempa namtazama kwa macho yangu mawili, hata akiwa baba yake.

Kisha akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyepata kupofuka. Nikasema Baba. Akauliza alianza akiwa na umri gani, na hospitali ilisema ni nini. Nikasema anayejua hayo ni kaka yangu. Amesema kwa mtoto mdogo kama huyu jambo hilo ni kubwa. Likiwa ni la ukoo, hatabahatisha na matone miezi na miezi, atapanga kumpasua mapema. Tunarudi kwake tarehe 26.

Aliyempeleka Baba hospitali ni wewe. Wewe peke yako uliingia naye kwa daktari. Mimi nilikuwa shule na Mama alibaki na wateja wa genge lake. Mliporudi ulituambia ni uzee na dawa hakuna, tukanyamaza. Uzee wa miaka arobaini na sita, Kaka? Juzi nilipiga hesabu nikiwa kwenye foleni ya dawa. Mimi mwaka huu nafikisha thelathini na nane.

Sikulaumu. Nadhani Baba alikukataza, unajua alivyokuwa na haya. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini ukabebeshwa mzigo wa mtu mzima. Na mimi niliyesaini kurasa nisizozisoma nitamnyooshea nani kidole? Lakini mficha uchi hazai. Niambie daktari alisema nini, hata kama alisema neno moja tu.

Ningekupigia simu, ila wewe ukibanwa husema mtandao umekatika.

Daktari amesema ndugu wote wa damu wapimwe. Mimi nimepimwa Ijumaa, niko salama kwa sasa. Amebaki mmoja. Sikutaka kulifikia jambo hili na nimelizunguka kurasa tatu. Barua zako tatu za mwisho si mwandiko wako. Ulisema kidole gumba kimeteguka, na kwamba mwenzako wa chumbani ndiye anayekuandikia. Gumba gani hilo lisilopona mwaka mzima? Na ufundi saa, kazi uliyoipenda kuliko kula, mbona uliuacha ghafla ukaenda kulinda geti? Ulituandikia kwamba saa siku hizi hazina wateja, tukakubali, kama tulivyokubali habari ya uzee.

Mama hajui lolote; anajua tu mtoto anatiwa dawa ya macho. Anakusalimu sana. Shemeji yako anakusalimu. Chiriku anasema mjomba wake amletee saa inayosema, kwa kuwa mishale inamchosha. Hata jirani yetu muuza mkaa anakuulizia. Mungu akufunike kwa rehema zake, akupe moyo wa kusema, na mimi anipe moyo wa kusikia.

Na wewe mwenzake wa chumbani unayemsomea haya, ambaye sijui sura yako: asante kwa kumtunza. Wala sikukosei heshima nikikuomba hili. Akikwambia uruke ukurasa huu, usiuruke. Akinyamaza, mngoje. Halafu chukua kalamu wewe, uniandikie jina la ugonjwa wa Baba, na uniandikie kaka yangu amebakiza kuona kiasi gani.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Dada yako, kitindamimba.